Ngome ya Papa na Zawadi ya Mfalme

Hapo kale Mfalme Gandolfo wa Walombardi alileta jeshi chini ya ngome ya Papa, akataka apewe ngome hiyo kabla ya jua kuzama, la sivyo angeichoma pamoja na waliomo. Waliomo walikuwa wanawake na watoto tu, na Papa mwenyewe yuko mbali, Roma. Basi akatoka Teodota, mfua nguo, mtoto mgongoni, funguo mkononi.

"Papa anakuzawadia ngome, Mfalme. Usituchome tu."

Mfalme akacheka, akapokea funguo mbele ya wakuu wake wote.

"Ila nasikia kwenu zawadi haishiki mpaka aliyepewa arudishe kitu, hata glavu," akasema Teodota. "Nipe glavu basi. Roma wanasema huna zaidi ya hapo."

Wakuu wakaguna. Uso wa Mfalme ukaiva kwa hasira.

"Mimi nitoe glavu? Naapa kwa mkuki huu, mama, chagua chochote kilicho changu, kiwe cha Papa milele."

"Hata farasi wako?"

"Hata farasi."

"Huyo atanipiga teke. Na ngome hii, sasa ni yako kweli?"

"Yangu. Wote hawa wameona."

"Basi nachagua hiyo," akasema Teodota, akanyoosha mkono apewe funguo.

Wakuu wote wakautazama ule mkuki Mfalme aliouapia. Jua lilipozama, lango lilikuwa limefungwa kwa ndani, Teodota ananyonyesha, na Mfalme yuko njiani kurudi kwao na glavu zake zote mbili.