Akili ya Jumatatu, Wanja wa Jumanne

Hebu niambieni, nyie wenye digrii zilizolala chini ya godoro: uzuri ni sifa ya kazi au kosa la jinai? Msijibu. Ngojeni.

Palikuwa na Sultani Badru, aliyetangaza kazi ya mkalimani wa baraza. Masharti: ajue lugha nne, na awe na sura ya kuvutia. Lugha nne, sawa. Sura itatafsiri nini?

Mwanaheri, binti wa muuza mkaa, alikuwa na lugha zote nne, na njaa juu yake. Jumatatu akaja kajifunika gubigubi. Akaulizwa kwa Kiarabu, akajibu. Kwa Kihindi, akajibu. Kwa Kireno, akamsahihisha mwulizaji. "Tutakuita," akaambiwa. Mnaijua hiyo tutakuita. Very sorry, next!

Jumanne akarudi kivingine: wanja, hina, asumini kichwani, kanga ya kuazima. Hakuulizwa hata neno. Kazi akapewa, na mto wa kukalia juu.

Wiki haijaisha, Sultani akamwita chumbani amkande miguu.

"Lugha hiyo siijui, Bwana," akasema, akarudi zake barazani.

Hapo ndipo urembo ukawa kosa! Sultani akamshtaki mbele ya mji mzima: mwanamke huyu kaiba kazi kwa sura. Apakwe masizi ya chungu usoni, azungushwe sokoni, afukuzwe. Case closed, kabla haijafunguliwa. Shahidi akaitwa Bi Tunu, mkuu wa chama cha wanawake, mama asiyemwogopa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, umetuaibisha. Miaka yote tunapiga kelele mwanamke apimwe kwa akili, wewe unakuja kupimisha mashavu!"

"Akili niliileta Jumatatu, mama. Ikaambiwa tutakuita. Jumanne nikaleta mashavu, yakapewa mto."

Watu wakacheka. Bi Tunu hakucheka.

"Na dada yako mwenye lugha nne asiye na mashavu hayo? Yeye ale nini?"

Swali likamwingia Mwanaheri.

"Hapo umenishika, mama."

"Kashikwa!" Sultani akapiga paja. "Leteni masizi!"

"Taratibu, Bwana," akasema Mwanaheri. "Jumatatu alikuja mwanamke kajifunika. Unamkumbuka?"

"Lile gunia la mkaa? Hodari, wallahi! Alimsahihisha mwalimu wangu wa Kireno."

"Mbona hukumpa kazi?"

"Ningempaje? Uso wenyewe sikuuona!"

"Ndio huu hapa."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Sultani akaanza kutafuta kilemba chake, nacho kipo kichwani.

"Hata! Mwizi ni mwizi!"

"Haya, nimeiba." Akamgeukia kadhi aliyeketi kando ya Sultani. "Kadhi wetu, mpokea mali ya wizi hufanywa nini?"

Kadhi, bila kufikiri: "Huadhibiwa pamoja na mwizi."

"Na mali hii ilipokewa na nini, Bwana? Masikio? Mbona Jumatatu yalikuwepo?"

Mwanaheri akausogeza uso mbele, karibu na chungu.

"Basi nipakeni masizi. Na macho ya Bwana, yaliyopokea, yafungwe kitambaa sasa hivi. Kila dada akija kuomba kazi, awe na mashavu asiwe nayo, yasifunguliwe mpaka amalize kusema. Bi Tunu, mama yangu, fundo lifunge wewe!"