Nywele za Namsifu

Asiyenyoa kwa dawa hunyoa kwa matanga. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Sifaeli maneno hayo, maana jino limemvimbisha shavu na bado anamkimbia mng'oaji. Mmecheka, mkaniuliza jino na nywele wapi na wapi. Kaeni basi, lakini kicheko kiwekeni kando, kwa sababu methali hii haina kicheko ndani yake. Ilizaliwa hivi.

Huko milimani Upareni, enzi wanaume walipokuwa wakishuka kwenda kukata mkonge, alikuwako mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe, Kiangi, alikuwa ameondoka na wenzake, na tangu aondoke habari zake zilikuwa za kuokoteza. Nakijwa alibaki na mama mkwe na binti yake wa pekee, Namsifu, ambaye meno yake ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kung'oka. Mtoto huyo alijaliwa nywele. Zilikuwa nyingi na nyeusi, na mama yake alizisuka kwa fahari ambayo hakujisumbua kuificha.

Kijiji chao kilikuwa na mwiko. Mtoto wa kike hakunyolewa kichwa ila amefiwa. Kumnyoa binti ambaye baba yake yu safarini kulikuwa ni kumchimbia baba kaburi, na hapakuwa na mke aliyethubutu. Tena kijijini hapo walikuwapo wanawake waliokwisha letewa misiba kutoka mkongeni, kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya hadithi tu.

Basi Namsifu akaanza kujikuna. Kwanza alitoa mba, unga mweupe uliomwangukia mabegani, na mama akampaka mafuta ya nyonyo kama ambavyo mama yeyote angefanya. Kisha yakatokea mapunye, mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zikikatika kama zimetafunwa na panya. Nakijwa akampeleka zahanati ya bondeni.

Dresa wa pale, yaani mhudumu wa vidonda na dawa, alikuwa mtu mpole. Alimpa kopo la malhamu, akamweleza kwamba ugonjwa ule ni ukungu uliokita katika ngozi ya kichwa, na malhamu ile ndiyo inayouua. Amnyoe mtoto nywele zote, amwoshe kwa sabuni, kisha ampake kwenye ngozi yenyewe asubuhi na jioni, wala asiache mapema akiona kumeanza kukauka. Akamsindikiza hadi mlangoni.

“Nyoa kwanza, mama Namsifu,” alimwambia. “Dawa isipoigusa ngozi ni mafuta tu.”

Nakijwa aliitikia. Njia nzima ya kupanda mlima aliendelea kuitikia moyoni, na alipofika nyumbani hakunyoa. Msimwite mjinga. Alimpenda mumewe, akaona hawezi kumpoteza kwa wembe wa mkono wake mwenyewe. Akajipa moyo kwamba dawa ni dawa, itajipenyeza. Alichota malhamu kwa kidole, akaipitisha juu ya misuko, akasuka upya na kukaza. Nywele zikang'aa. Majirani walimsifia, naye alipokea sifa hizo, ingawa vidole vyake vilikuwa vimegusa unyevunyevu chini ya misuko.

Siku zilivyokwenda kichwa kilivimba, kikawa kinabonyea kama tunda lililoiva kupita kiasi. Usaha ukachuruzika katikati ya misuko, na tezi za shingo zikasimama. Nakijwa akamfunga mtoto kitambaa. Namsifu akawa analala kifudifudi, paji la uso juu ya mikono yake, kwa maana upande wowote mwingine ulimliza. Lakini kitambaa hakizuii harufu, na harufu ikamfikia mama mkwe. Alikuja na wembe, akamkabidhi Nakijwa.

“Mnyoe.”

“Mama, mwanao yuko mkongeni.”

“Najua aliko. Nimemzaa mimi. Kama yupo wa kuuogopa mwiko huu ni mimi, nami nakwambia mnyoe.”

“Na akifa huko, watasema nani amemwua?”

“Na huyu akifa hapa?”

Nakijwa alimsihi mkwewe wangoje siku ya gulio, huenda akapatikana mtu mwenye habari za Kiangi. Bibi angeweza kumshika mjukuu akamnyoa mwenyewe. Hakufanya hivyo, kwa sababu naye, pamoja na ukali wake wote, alikuwa mama wa mtu aliye safarini. Aliuacha wembe juu ya kinu, akatoka.

Gulioni mtu alipatikana kweli. Alisema Kiangi ni mzima, amemaliza mkataba, na yuko njiani kurudi. Nakijwa alipanda mlima akilia kwa furaha. Baba akishaingia nyumbani mwiko hauna nguvu tena, naye angemnyoa mtoto siku hiyo hiyo. Lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Alimkuta Namsifu anawaka homa, macho wazi, hamtambui mtu.

Wakamteremsha zahanati kwa machela. Dresa alichukua mkasi, akazikata nywele zile yeye mwenyewe, na alipoona kilichokuwa chini yake hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba sumu imekwisha ingia kwenye damu. Namsifu alikufa kabla jua halijachwa.

Kiangi alifika akakuta watu wamejaa uani. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, mwenye afya, na khanga ndogo aliyomnunulia binti yake ikiwa begani.

Siku ya kuondoa matanga wafiwa walinyolewa, kama ilivyo desturi. Mama mkwe alikuwa wa kwanza, akafuata Kiangi, na Nakijwa akawa wa mwisho. Bibi ndiye aliyemnyoa. Nywele zilimwangukia mapajani, naye hakuzipangusa. Kiangi, ambaye alikuwa ameelezwa yote, alimchutamia mkewe mbele.

“Ulikuwa unanilinda mimi?”

Nakijwa akaitikia kwa kichwa.

“Mimi nilikuwa mzima,” alisema Kiangi.

Mama mkwe hakumkaripia mkaza mwanawe. Alimaliza kunyoa, akaufuta wembe, kisha akapitisha kiganja juu ya upara wake mwenyewe.

“Asiyenyoa kwa dawa,” alisema, “hunyoa kwa matanga.”