Mkeka wa Bi Sitina

"Mkeka wa hasira hautandikiki." Ndiyo methali mliyoisikia asubuhi, pale mmoja wenu alipobamiza mlango hadi kuku wakaruka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi kaeni. Na huyo aliyenuna, anune huku anasikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke wa Pemba, jina lake Bi Sitina, msukaji wa mikeka. Aliishi bondeni, kwenye mikarafuu, ambako mvua ikianza hunyesha bila haraka ya kwenda popote. Alikuwa na binti mmoja, Zuwena. Zamani alikuwa na wawili. Yule mkubwa, Rukia, aliolewa ng'ambo, Tanga, akafa kwa uzazi, na habari zilipomfikia mama yake, watu walikuwa wamekwisha kumzika.

Sasa Zuwena naye kaposwa, na mposaji ni wa wapi? Wa Tanga vilevile! Baba mtu akakubali, Zuwena akakubali kwa kicheko. Bi Sitina hakukataa. Alinyamaza tu, ule ukimya wa kugonganisha vyungu. Zuwena akimwamkia, aliitikia "Marahaba" bila kuinua macho.

Kijijini kwao mkeka wa bibi harusi ulisukwa na mama peke yake. Binti hakugusa hata jani moja la ukindu, watu wasije wakasema kajisukia ndoa mwenyewe. Siku ya harusi mkeka ule ulitandikwa mbele ya wageni, na bibi harusi akakalishwa juu yake.

Kwa hiyo Bi Sitina alisuka ukili, ule mshipi mrefu ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu hadi kuwa mkeka. Mvua ilichuruzika kwenye makuti, nyumba ikanukia ukindu uliolowekwa, vidole vikaenda vyenyewe. Alimkasirikia mposaji, akamkasirikia mumewe, akamkasirikia zaidi Zuwena aliyekuwa akiimba jikoni. Kila wimbo ulipopanda, yeye alikaza. Hata usingizi wa mchana ulipomchukua, aliota ukili wake umevuka maji hadi ng'ambo, na huko mwisho kuna mtu anauvuta, wala haonekani uso. Akizinduka, alikuta vidole vinasuka bado.

Ukili ukatimia, akaushona, akautandika. Mkeka ukajikunja. Pembe zilinyanyuka, katikati pakavimba. Aliukanyaga, ukarudi. Akaulaza chini ya kinu usiku kucha, na asubuhi alipokitoa, ukainuka taratibu kama mtu anayeamka. Harusi ilikuwa imebaki siku chache tu.

Siku hiyo alikuja wifi yake, Bi Hidaya, mwanamke asiyejua kubakiza neno.

"Wifi, huu mkeka au ungo?"

"Ukindu wa mwaka huu mbaya."

Bi Hidaya akapitisha kidole juu ya ukili. "Ukindu hauna kosa. Hapa umelegeza, hapa umekaza, na hapa umekaza kama unamnyonga mtu. Unamnyonga nani?"

"Mimi sina ugomvi na mtu."

"Haya, fumua. Fumua mwenyewe, polepole, utamwona."

Ukili hufumuliwa kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Bi Sitina alifumua, na kila vidole vilipofika mahali pagumu, aliijua siku yenyewe. Hapa ndipo mahari ilipoletwa. Hapa ndipo Zuwena alipomwuliza, "Mama, nimekukosea nini?" naye akajibu, "Hakuna." Mvua ilizidi kunyesha, naye akajiona anatembea kinyumenyume katika njia aliyokwisha kuipita. Akafika mwanzo kabisa, ukili aliousuka siku ya posa. Hapo ulibana hata ukucha haukupenya. Aliitafuta hasira pale, asiione. Alimwona Rukia amejifunga kanga ya safari, anampungia mkono. Bi Sitina akalia kwa sauti.

Zuwena akatoka jikoni mbio. "Mama! Nani kakuudhi?"

"Hakuna aliyeniudhi. Naogopa."

Neno lenyewe dogo, lakini lilikuwa limemkalia kifuani tangu siku ya posa.

"Dada yako alikwenda huko huko," alisema. "Kila ukicheka, mimi naona jeneza. Sina hasira nawe, mwanangu. Naogopa kuletewa habari tena."

Zuwena akakaa chini, akaushika mguu wa mama yake. "Na mimi naogopa, mama. Ulidhani naimba kwa nini?"

Bi Sitina akapangusa machozi. Kisha akamsogezea ukindu. "Shika huku."

"Si mwiko?"

"Shika, nimekwambia."

Bi Hidaya akageuka kutazama mvua, akasema kuwa macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Mama na binti wakasuka. Walimtaja Rukia kwa jina, jambo ambalo nyumba ile haikulisikia kwa miaka. Wakaafikiana kuwa Zuwena akipata mimba atarudi kujifungulia kwao, na bahari ikichafuka, mama ndiye atakayevuka mapema.

Siku ya harusi mkeka ulitandikwa, ukalala chini pembe zote. Msidhani hofu ilikuwa imekwisha. Bi Sitina alikuwa nayo pale pale mlangoni. Lakini Zuwena alipokaa juu ya mkeka akacheka, mama yake aliuona uso wa mwanawe, wala hakuona jeneza.

Wanawake wakamzunguka. "Bi Sitina, ule uliojikunja umeufanyaje hata ukatulia hivi?"

"Ule niliufumua," alisema, macho yake yangali kwa Zuwena. "Mkeka wa hasira hautandikiki."