Ngazi ya Kushushia Bei

Hapo zamani, wakati vilemba vya wakubwa vilipokuwa vikubwa kuliko vichwa vyao, palikuwa na mji ukiitwa Shangweni, na mjini humo akikaa fukara mmoja, jina lake Kitwana. Kazi maalumu hakuwa nayo. Akialikwa harusini huchekesha watu, akapewa sahani ya wali, akarudi nayo kwa mkewe Mwanakheri. Asipoalikwa, hulala wote wawili na njaa, na Mwanakheri hulala akinung'unika.

Basi ikawa mwaka huo mtama umeadimika, hata watu wakala pumba walizokuwa wakiwapa kuku, na kuku, maskini, walikuwa wamekwisha kuliwa. Harusi zikakoma. Kila siku watu wakimiminika barazani kwa Sultani Mwinyimvua kusikiliza mashauri ya mji. Na mashauri yenyewe, jamani! Waziri wa Kulia alisimama akanena kwamba babu yake Waziri wa Kushoto aliiba mbuzi wa sadaka. Waziri wa Kushoto akajibu kwamba ndevu za mwenziwe zimepakwa hina ya kukopa. Watu wakashangilia. Wafuasi wa huyu walivaa kofia upogo kulia, wa yule upogo kushoto, na mtama hakuna aliyeutaja, kama kwamba ni jina la mkwe.

Asubuhi moja Mwanakheri akamtuma mumewe sokoni, naye akarudi na kibaba kitupu.

"Kulikoni?"

"Bei imepanda, mke wangu."

"Jana imepanda, juzi imepanda! Wanaume mmejaa barazani kutwa, hakuna hata mmoja wa kwenda kuishusha? Leo usirudi mikono mitupu, Kitwana. Wallahi narudi kwetu!"

Kitwana alimpenda mkewe kupita kiasi, hata kelele zake alizipenda. Akatwaa ngazi yake ya kuezekea, akaitia begani, akaenda nayo moja kwa moja hadi barazani, akiwagonga watu vichwa.

"Ewe Kitwana," akasema Sultani, "ngazi ya nini?"

"Maulana, nimeambiwa bei imepanda. Nimekuja kuishusha."

Baraza likaangua kicheko, na Sultani, ambaye hakupenda kicheko asichokianzisha mwenyewe, akakunja uso. "Vyema. Ishushe kabla ya adhana ya alasiri. Ukishindwa, utatoka katika mji huu peke yako, na mkeo hutamwona tena."

Moyo ulimlipuka Kitwana, lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea ya kutangulia. "Nasikia na kutii, Maulana. Ila ngazi hushikwa pande mbili. Naomba Waziri wa Kulia ashike kulia, na wa Kushoto ashike kushoto."

Ikaegemezwa ngazi kwenye ukuta wa jumba. Kitwana akapanda hadi katikati, akapapasa hewani, akajitwisha mgongoni kitu kisichoonekana. "Nimeikamata! Lakini jueni, wazee wangu, bei hii ina tabia zake. Ikisikia neno la mtama, hushuka kipandio kimoja. Ikisikia habari za babu ya mtu, hupanda."

"Upuuzi mtupu!" akafoka Waziri wa Kulia. "Haya ni mambo ya ukoo wa wezi wa mbuzi!"

Kitwana akapanda kipandio.

"Mbuzi gani, wewe mwenye hina ya deni?"

Akapanda tena. Wakaendelea, naye akaendelea, hata kichwa chake kikapita ukuta. Hapo Waziri wa Kushoto akaachia ngazi ili amnyooshee mwenziwe kidole. Ngazi ikayumba, wanawake wakapiga mayowe.

"Shikeni, wazee!" akalia Kitwana, na safari hii hakuwa akifanya mzaha. "Mnagombana ninyi, nitakayevunjika ni mimi!"

Wakashika, wakakaa kimya. Kitwana akatazama nje ya ukuta. "Maulana, naona punda wa mtama wamesimama nje ya lango. Mbona ni wachache?"

Waziri wa Kulia, ambaye mikono ilikwisha kumuuma, akasema, "Daraja la mtoni limevunjika."

Kitwana akashuka kipandio. "Na mbona halijengwi?"

Waziri wa Kushoto akakohoa. "Nililipinga, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitaka."

Akashuka.

"Nami nililikataa ghala lake la akiba," akasema Waziri wa Kulia. "Lakini hata leo nasema daraja litangulie. Ghala bila daraja utalijaza nini?"

"Na daraja bila ghala, mavuno yakikosekana utavusha nini?"

"Lo! Kumbe hata mkibishana inashuka!" akasema Kitwana, akashuka, akashuka tena, hata kikabaki kipandio cha mwisho. "Sasa hao punda walio langoni, mbona hawaingii?"

Mawaziri wakatazama viatu vyao. Mji mzima ulijua kwamba Sultani ameongeza ushuru wa lango, na mji mzima ulijua sababu. Mwadhini akasikika akisafisha koo. Kitwana akamkumbuka Mwanakheri.

"Maulana, bei imegoma. Yangoja neno moja."

Uso ukamwiva Sultani. "Ushuru ni wangu," akanong'ona.

"Sikusikia, Maulana. Huku mgongoni pana kelele."

"Ushuru ni wangu! Nimeuongeza mimi, nipate kuwajengea tausi wangu birika la kuogea!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe, akayaona yalivyo, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Mguu wa Kitwana ukagusa ardhi, na adhana ikalia.

Ushuru ukapunguzwa papo hapo, punda wakaingia, na jioni ile mtama ukanunulika. Sultani akataka kumvika Kitwana joho.

"Joho haliliki, Maulana. Nipe kibaba cha mtama, na ngazi ibaki hapa barazani. Atakayetaja babu ya mwenziwe apande, akae huko hata alikumbuke la maana."

Nyumbani alimkuta Mwanakheri mlangoni, bunda lake la nguo limekwisha kufungwa.

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

"Na mawaziri?"

"Wa Kulia yuko chini. Wa Kushoto nimemwacha juu. Nilipokuwa naaga, alikumbuka tena habari za hina."

Mwanakheri akacheka, akafungua bunda, akainjika chungu.

Hekaya yangu imeshukia hapa. Anayetaka kuipandisha, na aje na ngazi yake.