Jina la Mtoto wa Nakijwa

Hapo zamani, kabla barabara haijapanda milima ya Upare, ndugu wawili walijenga nyumba yao kando ya njia ya mlimani. Mkubwa, Mfinanga, hakuwahi kusema uongo. Mdogo, Senkondo, hakuwahi kusema kweli; ukimuuliza kama mvua inanyesha, naye imemlowesha, atakuambia jua ni kali. Sifa zao zilivuka milima, zikawafikia hata watu wabaya.

Siku moja Nakijwa, mjane mwenye mimba, alifika pale akihema. Watekaji walikuwa wamevamia kijiji chake, nao hawakuwa mbali nyuma yake. Akawasihi ndugu wale wamstiri, akajibanza katika pango dogo nyuma ya migomba. Kila neno la nje alilisikia.

Watekaji walipofika, mkuu wao alianza na Senkondo, akamuuliza mwanamke amepita wapi.

"Yumo pangoni, nyuma ya migomba hiyo," Senkondo akasema.

Mtu aliyedanganya maisha yake yote, kumbe kweli aliiweka akiba ya siku hii. Nakijwa akashika tumbo, akangoja kuvutwa nje.

Lakini mkuu alicheka. Akiwa mwongo yule amesema pangoni, basi popote pengine, ila si pangoni. Hata hivyo akataka hakika, akamuuliza Mfinanga kama nduguye amesema kweli. Mfinanga akasema polepole:

"Mimi na huyu tumelelewa nyumba moja. Mpaka jana, sijapata kumsikia akitamka neno la kweli."

Watekaji wakashika njia ya bondeni.

Nakijwa akatoka, akaapa kwamba akijaliwa mtoto wa kiume atampa jina la aliyemwokoa. Mfinanga akasema kuwa bila yeye pango lingepekuliwa. Tena amelipia: kila neno lake lilikuwa la kweli, lakini alikusudia kudanganya, na ulimi wake hautakuwa tena kama ulivyokuwa.

Ndipo Nakijwa akamgeukia Senkondo, akamuuliza lililomkaa moyoni: alipomtaja, alikusudia nini?

"Nilitaka wakukamate," Senkondo akajibu, akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Nakijwa alimtazama usoni, asione kitu. Ikiwa alikwisha kuurudia uongo wake, basi alimwokoa kwa akili, na kwa ujasiri usio na mfano. Ikiwa kweli ilikuwa ingali mdomoni mwake, basi alimuuza, na watekaji walijidanganya wenyewe.

Mtoto amezaliwa, wa kiume. Wanawake wamekuja na uji, wamekaa, wanauliza jina. Nakijwa amempakata, kinywa kimefunguka, jina halijatoka.

Nanyi mliosikia, semeni: kati ya mkweli aliyedanganya na mwongo aliyesema kweli, je, nani alistahili mtoto aitwe kwa jina lake?