Bi Mashavu na Mbuzi ya Nazi

Haki ya Mungu, wajukuu zangu, haya ni kweli tupu, sikuongeza hata chembe ya chumvi. Mmemsikia bibi yenu akisema, "Ajuaye kuinuka hukaa popote," mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Muheza.

Jirani yetu Bi Mashavu alikaa kwenye mbuzi, kile kigoda chenye meno ya chuma, akakuna nazi. Alipomaliza, magoti yakagoma. Akabaki pale hadi adhuhuri, mpaka muuza mkaa alipopita akamwinua.

Habari ikamfikia mwanawe Hemedi, huko Dodoma. Akasema atakuja baada ya miezi miwili. Akikuta mama hawezi kuinuka mwenyewe, nyumba itafungwa, ataondoka naye. Bi Mashavu akakosa usingizi. Katika nyumba ile alizaa watoto sita, na mumewe amezikwa nyuma ya nyumba hiyo.

Basi nikampa mazoezi. Kila asubuhi akae kitandani na kuinuka mara kumi bila kushika kitu. Kitanda kilipozoeleka akahamia kiti, kisha kigoda. Akazunguka uani na ndoo ya maji kila mkono. Mwezi wa pili alinyanyua gunia la saruji kwa kidole kimoja. Lakini mbuzi aliipita mbali, kama mtu anayepita penye nyoka.

Hemedi akaja siku mbili kabla ya ahadi. Akaiweka mbuzi katikati ya ua, akamwomba mama akae.

Bi Mashavu akakaa. Akakuna nazi polepole sana, maana ikiisha hana budi kuinuka. Ikaisha. Hemedi akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono wako, baba."

Akainama mbele, akasukuma miguu. Nusu ya safari akakwama, mapaja yakitetemeka. Halafu akasimama.

"Ajuaye kuinuka hukaa popote," akamwambia. "Na mimi nakaa hapa."

Hemedi akarudi Dodoma peke yake.

Kumbe bibi yenu yuko mlangoni, anasikiliza. Anasema saruji ni uongo, na aliyemfundisha Bi Mashavu ni yeye; mimi nilikuwa nimelala. Anasema kama kweli mimi ni mwalimu, nikae kwenye mbuzi nikune nazi za wali.

Haya, nimekaa. Nazi ya tatu hii imekwisha, na bado niko chini. Msicheke, njooni mnishike mikono. Ajuaye kuinuka hukaa popote.