Kiboko na Meno Aliyoyazika

"Paukwa."
"Pakawa."
"Palikuwa na njia."
"Ikawaje?"
"Ikaogopwa. Sogeeni karibu, watoto, leo sina nguvu ya kupaza sauti."

Zamani Kiboko aligombana na Nyati kwa ajili ya majani ya bwawani. Kiboko aliyataka yote. Basi kwa siku moja tu, akazika meno ya chuma katika mbuga yote inayozunguka bwawa. Anayekanyaga, kwap, mguu hana.

Katikati ya mbuga alikuwa na shamba la matikiti. Kutoka bwawani mpaka shambani akajiwekea njia salama, akaitia alama kama viboko wote wafanyavyo: alikunya huku akipunga mkia, fya, fya, fya.

Ugomvi ukaisha. Kiboko na Nyati wakapatana. Meno yakabaki.

Siku moja Bi Paa alikwenda kuteka maji. Kwap. Akarudi kwa miguu mitatu.

Panyabuku, aliyekuwa mwepesi hata meno hayakumhisi, akavuka mbuga mpaka bwawani.

"Bwana Kiboko, Bi Paa amepoteza mguu."

"Meno yangu yanauma adui tu."

"Kwani Bi Paa ni adui?"

"Hapana, ni jirani mwema. Mpe pole."

"Vita vimekwisha. Yatoe basi."

"Nimesahau nilipoyazika. Nenda zako, we panya, nina usingizi."

Panyabuku akaenda zake. Wanyama wakawa wanakunywa kwenye kisima cha mbali. Mwaka ule kisima nacho kikakauka.

"Kesho mwanangu ataamka na kiu," Bi Paa akasema. "Bwawa analiona pale. Nimwambie nini?"

Panyabuku akaenda kwa Dundu, yule mdudu anayeviringisha samadi.

"Dundu, kuna samadi ya bure."

"Kiasi gani?"

"Njia nzima."

Alfajiri Kiboko akaenda kula matikiti. Akala, mbwata, mbwata, mbwata. Nyuma yake Dundu na ukoo wake wakaviringisha, biringi, biringi, biringi. Kiboko alipogeuka, hakuna alama hata moja. Jua likapanda. Ngozi yake ikaanza kukauka.

"Panyabuku, mdogo wangu."

"Naam, kaka."

"Njia yangu iko wapi?"

"Wewe kanyaga tu. Si ulisema meno yako yanauma adui tu?"

Kiboko akainua mguu. Akaurudisha.

"Huenda hayanijui," akasema polepole.

"Nami nadhani hayamjui mtu. Nitakutoa. Lakini uape kwanza kwamba hutazika tena, hata kwa adui."

"Na Nyati je? Nikiacha mimi, atazika yeye."

Nyati akaitwa, akaapa. Faru naye akaapa. Wakaitwa pia wakubwa wa ng'ambo ya mto, nao wakaapa. Mmoja alitaka abakishe meno mawili matatu, ya tahadhari. Bi Paa akaja akasimama mbele yake kwa miguu yake mitatu. Yule mkubwa naye akaapa.

Ndipo Panyabuku akaanza kunusa: nyu, nyu, nyu. Akisikia harufu ya chuma, anakwaruza. Jino linang'olewa. Nyu, nyu, nyu. Lingine. Alianzia kwa Bi Paa, akafika shambani, akaendelea mpaka bwawani. Ilipofika jioni kilikuwa kimepatikana kijia chembamba, upana wa Kiboko mmoja aliyebana tumbo. Kiboko akapita, akatumbukia majini, chubwi.

Nyuma yake akaja mtoto wa Bi Paa. Mama akahesabu kila hatua yake. Mtoto akafika, akanywa, akarudi na miguu yote minne.

Meno yalizikwa kwa siku moja. Kuyatoa, Panyabuku alizeeka bila kumaliza. Wanawe wakaendelea, nyu, nyu, nyu, na wajukuu wako huko hadi leo.

Nanyi najua mnangoja funzo, maana hamkubali kuondoka bila funzo. Haya, funzo ni hili: mbuga ile ni salama kabisa, mradi mtu asiikanyage. Na anayetaka kuzika meno asitie alama kwa mavi, atafute rangi nzuri isiyofutika.

Hadithi yangu imefika mwisho. Kipande kilichobaki bado kinachimbuliwa. Nendeni nyumbani taratibu, na mpite kijiani.